Eti Grant Green "alimwiga" George Benson?! Nimeshindwa kulala

Mzee Santuri:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Saa sita kasoro usiku, chai imepoa, mama watoto ameshasema nipunguze sauti au nihamie sebuleni. Nimehamia sebuleni.

Yule mtangazaji mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa Jumapili usiku, mwenye sauti ya kubembeleza kama dalali anayeuza kiwanja chenye kesi, anayesema "wapenzi wa jazi" mara mia tisa kwa saa. Huyohuyo. Leo kaweka wimbo wa Idle Moments wa Grant Green, mpiga gita wa jazi wa Marekani. Nikazima taa, nikaegemea kiti. Gita likaingia taratibu, lile gita linalotembea kama mtu anayerudi kutoka msibani na hana haraka ya kufika nyumbani. Hata zamu ya saksafoni ya Joe Henderson haijafika, jamaa KAKATA. Kakata wimbo! Halafu akasema, na naapa sijaongeza neno: "Huyo alikuwa Grant Green, kijana aliyemwiga George Benson."

Likafuata tangazo la magodoro.

Kijana. Aliyemwiga. George Benson.

Grant kazaliwa St. Louis, Missouri, 1935. Benson, naye mpiga gita, kazaliwa Pittsburgh, 1943. Miaka minane! Grant anashika gita, mwenzake bado anafutwa makamasi. Lou Donaldson, mpiga saksafoni, alimsikia Grant hukohuko St. Louis akamvuta New York, na 1961 albamu yake ya kwanza kwa kampuni ya rekodi ya Blue Note ikatoka. Mwaka huo Benson alikuwa na miaka 18. Sasa nani alimwiga nani? Benson mwenyewe, akiwa hai na timamu, amemsifu Grant miaka yote na ndiye aliyeeleza siri ya ule mlio: kwenye amplifaya unashusha besi, unashusha sauti za juu, unapandisha za kati mpaka mwisho. Mtu anayeigwa ndiye huwa anahadithia siri za anayemwiga?

Na wimbo wenyewe aliokata! Kati ya nyimbo zote duniani, kakata ULE. Novemba 1963, studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey. Duke Pearson, mpiga piano, ndiye aliyeutunga. Wapigaji wakapishana hesabu ya urefu wa mizunguko, kila mmoja akachukua nafasi mara mbili ya ilivyopangwa, wimbo ukafika karibu dakika 15. Walipojaribu kuufupisha, ule utamu wa mara ya kwanza haukurudi. Wakauacha mrefu, wakaenda kurekodi upya nyimbo nyingine kwa ufupi ili santuri itoshe. Yaani watu wazima, wenye studio inayokula hela kila saa, walikubali kupunguza kazi nyingine ili huu usiguswe. Aje mtu na tangazo la magodoro, 2 kwa 1, aukate!

Aliyemwiga George Benson. Mungu wangu.

Kobe Mwepesi:
Mkuu nimesoma yote kwa makini. Swali moja tu: godoro la tano kwa sita lilikuwa shilingi ngapi?

Binti Ilala:
Yule baba ana shida. Mwezi uliopita nilituma salamu kwa shangazi yangu, akasoma "Bwana Mwanahamisi". Bwana! Shangazi ana wajukuu saba. Ukoo mzima unamwita Bwana mpaka leo.

Kamba Sita:
Tuseme ukweli lakini. Huyo Grant wako alikuwa anapiga noti mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Baba wa gita ni Wes Montgomery. Dole gumba, oktavi (noti ileile ya chini na ya juu kwa pamoja), basi. Wengine wasindikizaji.

Mzee Santuri:
Kamba Sita, Wes namheshimu na sitamvunjia adabu, alitutoka 1968 akiwa na miaka 45 tu. Lakini hizo noti mojamoja ndiyo kazi yenyewe! Grant alikuwa anamsikiliza Charlie Parker, mpiga saksafoni, akaamua gita lipumue kama saksafoni. Hajifichi nyuma ya nyuzi sita kuzibonda kwa mpigo. Anashika kijisehemu kimoja kidogo, anakirudia, anakirudia tena, mpaka ogani na ngoma zinawaka moto. Sikiliza Feelin' the Spirit ya 1962, zile nyimbo za kanisani za watu weusi, halafu rudi hapa uniambie kuhusu mchele.

Na yule mtu kasema ALIMWIGA BENSON.

Kobe Mwepesi:
Tumesikia mkuu. Umesema mara nne.

Zungu la Unga:
Si alikuwa teja huyo?

Mzee Santuri:
Unga ulimtesa, ndiyo, ukamtoa kwenye muziki miaka ya mwisho ya sitini. Akarudi. Akahamia Detroit, akatoa Green Is Beautiful na Alive!, muziki wa kuchezeka kabisa, ndio uleule ambao vijana wa hip hop walikuja kuchota midundo yake. 1978 alilazwa hospitali, madaktari wakamwambia apumzike. Hakuwa na hela ya kupumzika. Tarehe 31 Januari 1979 moyo ukamsimama ndani ya gari lake New York, ana miaka 43. Na mnajua alikuwa amekwenda kupiga wapi? Kwenye klabu ya George Benson! Ndiyo maana nalia. Alikufa akiifuata kazi kwa Benson, leo mtu anamfanya kivuli cha Benson. Albamu zake Matador na Solid zilirekodiwa 1964, zikafungiwa kabatini, zikatoka 1979. Mwaka huohuo. Hakuzifaidi.

Mtoto wa Moro:
Januari 1979? Mwezi huohuo tulimpoteza Mbaraka Mwinshehe, ajali ya gari, Mombasa. Na huyohuyo mtangazaji wenu alishasema hewani kwamba Morogoro Jazz "hawakuwa jazi, walikuwa wanabahatisha jina". Mzee wangu alizima redio akaipa mgongo wiki mbili. Mbaraka anacharaza gita, Moro nzima inasimama, aje mtu aliyekulia kwenye kiyoyozi aseme anabahatisha? Fungua uzi wake huo, mimi nitakuja na wenzangu.

Binti Ilala:
Moro mko sahihi. Halafu anaongea juu ya solo la gita. Kila likifika pale patamu, "wapenzi wasikilizaji, saa yetu inaonyesha..." Tuna saa majumbani!

Kamba Sita:
Afadhali wenu anaongea. Jirani yangu kaweka sabufa ukutani kwangu, singeli toka Ijumaa mpaka Jumatatu alfajiri. Glasi zinatembea zenyewe kabatini. Nimekwenda kwa mjumbe, nimemkuta mjumbe anacheza.

Mtoto wa Moro:
😂😂 Mjumbe kaingia ngoma.

Mzee Santuri:
Wakuu tusitoke kwenye mada. Benson alikuwa na miaka 18!

Zungu la Unga:
Mzee nunua santuri yako usikilize dakika zote 15, nani atakukata?

Mzee Santuri:
Ninayo! Sindano ndiyo imekufa. Niliipeleka mashine kwa fundi mmoja, akasema kesho. Ni mwezi wa tatu. Juzi nimeikuta imefunguliwa, mota haipo, juu yake kapanga chaja za simu.

Kobe Mwepesi:
Fundi gani? Yule mwenye kofia ya pama, karibu na wauza madafu?

Mzee Santuri:
Umemjuaje?

Kobe Mwepesi:
Ana feni yangu tangu Ramadhani.

Binti Ilala:
Ana pasi ya mama yangu!!

Kamba Sita:
Ngojeni. Kofia ya pama, ana kijana anaitwa Dogo anayekujibu "fundi katoka sasa hivi"? Mimi ana redio. Kesho saa tatu asubuhi nani yuko huru twende wote?