Naomba ushauri: mdhamini wa pili wa viza ya mke

Habari zenu ndugu. Mimi naishi Kisenyi, hapa Kampala. Mume wangu ni raia wa Marekani, na ombi lake la kunichukua limeshakubaliwa. Tumekwama kwenye fomu I-864, ile ya udhamini wa fedha. Kipato chake hakifiki asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao, maana mwaka jana aliugua akakaa miezi bila kazi.

Tumeambiwa tutafute mdhamini wa pili: raia au mwenye green card, anayeishi huko Marekani. Si lazima awe ndugu. Kaka yangu wa hapa yuko tayari kabisa, lakini hafai kwa sababu haishi kule. Imeniuma.

Yupo shemeji mmoja mwenye uwezo, ila anaogopa, na simlaumu. Sahihi ya fomu ile inambana mpaka nipate uraia au nifikishe robo mwaka 40 za kazi, kama miaka kumi hivi. Hata tukiachana na mume wangu, Mungu apishe mbali, shemeji bado anabanwa. Nimwendeeje bila kumficha hilo? Wazee watangulie, au nimpigie mwenyewe?

Pia nina kiwanja Mukono chenye hati. Nasikia mali yangu nayo yaweza kuhesabiwa ikiwa inauzika ndani ya mwaka, na kwa mke wa raia thamani iwe mara tatu ya pengo la kipato. Aliyewahi kutumia ardhi ya Uganda hivyo, alipeleka karatasi gani?

Kuna mtu anataka pesa ili atudhamini. Huyo nimemkatalia.