Naomba ushauri: albamu zipi za bluzi nianze nazo?

Mpiga Nyuzi

Wakuu, salaam. Nimekulia kwenye muziki wa dansi na bado naupenda, ila mwaka huu bluzi ya Wamarekani weusi imeniteka na nataka kuikusanya kwa utaratibu, si kurukaruka tu YouTube. Tatizo, nikitafuta mwanamuziki mmoja nakuta mikusanyo chungu nzima, kila mmoja unajiita bora kuliko yote, nyimbo ni zilezile, na mingine sauti imefifia kabisa. Nashindwa kujua ipi ni kazi halisi na ipi imeokotezwa.

Nina deki nzuri ya CD na uwezo wa kununua albamu kama kumi kwa kuanzia, nyingine nitasikiliza mtandaoni. Napiga gitaa kidogo, kwa hiyo zile ambazo mtu anajifunza kitu nitazipa kipaumbele. Mpaka sasa nawajua B.B. King na John Lee Hooker tu. Je, nianze na za zamani kabisa nije mbele, au vipi? Nawasilisha.

Mzee wa Santuri

Karibu sana mkuu. Kuna jambo moja ukilielewa mapema litakuokolea pesa: bluzi ya zamani haikurekodiwa kwa ajili ya albamu. Santuri ndefu zimeanza kuuzwa 1948. Kabla ya hapo kulikuwa na sahani za mizunguko 78 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, dakika tatu hivi basi. Robert Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa Mississippi, alirekodi nyimbo 29 huko San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafariki 1938 akiwa na miaka 27. Albamu ya King of the Delta Blues Singers, yenye nyimbo zake 16, kampuni ya Columbia waliitoa 1961. Kwa hiyo mikusanyo huwezi kuikwepa. Cha kuuliza ni nani kakusanya, na kama katumia rekodi za awali au zile ambazo msanii alizirudia uzeeni. Geuza kasha usome nyuma. Ukikosa mwaka na mahali ziliporekodiwa, rudisha dukani.

Sasa pamoja na kumtaja Johnson, usianze naye. Anza Chicago ya miaka ya 1950. Nunua The Best of Muddy Waters, kampuni ya Chess ya Chicago waliitoa 1958, nyimbo 12 zilizorekodiwa kati ya 1948 na 1954. Muddy alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la Stovall, Mississippi, na mtafiti wa muziki Alan Lomax alimrekodi hapohapo 1941. Miaka miwili baadaye akahamia Chicago kama watu weusi wengi wa Kusini walivyokuwa wakifanya, kutafuta kazi za viwandani na kukimbia ubaguzi. Kwenye rekodi zake za mwanzo pale Chess unasikia gitaa lake na besi tu, bado ni Mississippi ile, isipokuwa imetiwa umeme. Kisha anaingia Little Walter na harmonika yake, baadaye ngoma, baadaye piano, na mpaka kufikia nyimbo za 1954 bendi nzima imekamilika. Hiyo santuri moja inakuonyesha muziki ukihama kijijini kwenda mjini. Mimi sijaona mlango mwingine mzuri kama huo.

Ukishaishiba, chukua Moanin' in the Moonlight ya Howlin' Wolf (1959). "Smokestack Lightning" imekaa kwenye kodi (chord) moja ya gitaa mwanzo hadi mwisho, na hutatamani ibadilike, kwa sababu ya sauti ya yule mtu.

Kamba Sita

Namheshimu sana Mzee lakini kwa mtu anayetoka kwenye dansi mimi ningeanza na rekodi ya jukwaani. Live at the Regal ya B.B. King, imerekodiwa Chicago Novemba 1964, ikatoka mwaka uliofuata. Haifiki dakika 40. Jamaa anaimba mstari, gitaa linamjibu, watu ukumbini wanamjibu nao, hasa akina mama. Hapigi noti nyingi hata kidogo. Sikiliza anavyoiacha noti moja itetemeke kisha ananyamaza, halafu jaribu kufanya hivyo kwenye gitaa lako uone ilivyo ngumu.

Ya pili ni Hoodoo Man Blues ya Junior Wells, kampuni ya Delmark, 1965. Watu wanne tu: sauti na harmonika, gitaa, besi, ngoma. Gitaa ni la Buddy Guy, ingawa nakala za kwanza zilimwandika kwa jina la bandia, "Friendly Chap", kwa sababu ya mkataba wake na kampuni nyingine. Amplifaya yake ilileta matatizo studioni, fundi akaunganisha gitaa kwenye spika ya ogani, ndiyo maana kuna nyimbo linasikika kama linazunguka ndani ya maji. Hii ni kati ya rekodi za kwanza kabisa ambapo bendi ya bluzi ya Chicago iliachiwa nafasi ya kutengeneza albamu nzima kama inavyopiga kilabuni, si kukusanya vibao vilivyokwisha kuuzwa. Mpiga gitaa yeyote aisikilize mara nyingi. Buddy anajaza pale tu Wells anapovuta pumzi.

Halafu Born Under a Bad Sign ya Albert King, kampuni ya Stax, Memphis, 1967. Alitumia mkono wa kushoto na gitaa kageuza, nyuzi nyembamba zikawa juu, kwa hiyo alizivuta kuelekea chini. Ile mivuto yake wengi wameiga, wachache wamefika.

Binti wa Pwani

Kaka zangu, mmeandika yote hayo hakuna hata mwanamke mmoja? Waliofungua mlango wa bluzi kwenye sahani ni wanawake. Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" mwaka 1920 na ikauzwa kwa wingi ajabu, ndipo makampuni yakagundua kwamba watu weusi ni wanunuzi. Bessie Smith akaanza kurekodi 1923. Wanaume wenye magitaa yao walifuata nyuma.

Mpiga Nyuzi, tafuta The Essential Bessie Smith, CD mbili. Nenda moja kwa moja kwenye "St. Louis Blues" ya Januari 1925. Louis Armstrong, kijana wa miaka 23, anapuliza koneti (tarumbeta fupi) akimjibu kila mstari, na nyuma yao kuna harmoniamu. Sisi tuliokulia kwenye taarabu za Mombasa kile kinanda si kigeni. Rekodi ina mikwaruzo, ndiyo, ila zima taa, sikiliza mara tatu mfululizo, utaanza kusikia maneno badala ya mikwaruzo. Ukitaka mwanamke wa Chicago mwenye umeme nyuma yake, Koko Taylor, ile albamu yenye jina lake ya 1969. Sauti yake haiombi ruhusa kwa mtu.

Mpiga Nyuzi

Dada, asante sana, hapo nimepata ambacho nisingekitafuta mwenyewe. Mzee na Kamba Sita nimewaelewa. Lakini hizi za gitaa kavu bila bendi, ukimwacha Robert Johnson, kuna ipi inayosikika vizuri? Na je, ni kweli B.B. King aliwahi kufika Afrika?

Mwana Katanga

Ndugu yangu, alifika. Septemba 1974 alipiga Kinshasa kwenye tamasha la siku tatu lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la ngumi la Ali na Foreman. Pambano lenyewe liliahirishwa hadi Oktoba baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho, muziki ukaendelea. James Brown, Miriam Makeba na Franco na TP OK Jazz walikuwepo. Picha za video zake zipo mtandaoni, angalia.

Kuhusu gitaa kavu, mimi niko Lubumbashi na jibu langu ni Mississippi John Hurt. Alirekodi 1928, sahani hazikuuzwa, akarudi kulima Avalon, Mississippi. Mwaka 1963 wapenzi wa muziki wakamfuata kijijini kwa sababu alikitaja kijiji hicho kwenye wimbo. Alifariki 1966, kwa hiyo tumepata miaka mitatu tu ya rekodi safi. Chukua albamu yake ya Today!, kampuni ya Vanguard. Dole gumba linatembeza besi bila kuyumba, vidole vinaimba juu yake. Sisi wa huku tukimsikia tunamkumbuka mpiga gitaa wetu Mwenda Jean Bosco na "Masanga", iliyorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Sisemi mmoja alijifunza kwa mwenzake. Nasema ukiziweka pamoja jioni moja, mkono wako wa kulia utanufaika.

Na usiache Folk Singer ya Muddy Waters, 1964, gitaa kavu, Buddy Guy pembeni yake na Willie Dixon kwenye besi. Imerekodiwa vizuri ajabu, unasikia ukubwa wa chumba.

Kamba Sita

Naunga mkono Folk Singer kwa mikono miwili. Na akipenda upande wa Afrika, Talking Timbuktu ya Ali Farka Touré wa Mali na Mmarekani Ry Cooder, 1994.

Mpiga Nyuzi

Wakuu, nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho: Robert Johnson ninunue ile ya 1961 au lile kasha kubwa? Na hawa wapiga gitaa wa baadaye kama Stevie Ray Vaughan, niwaache?

Mzee wa Santuri

Usiwaache, wacheleweshe tu. Texas Flood ya Vaughan (1983) ni kazi ya moyo kabisa, ila ukimsikiliza Vaughan baada ya Albert King utajua kila alichokichukua na kila alichokiongeza, na utamheshimu zaidi.

Johnson, nunua ya 1961. The Complete Recordings ya 1990 ni nzuri kwa utafiti, lakini ina nyimbo zilizorekodiwa mara mbili na zimepangwa zikifuatana, msikilizaji mpya anachoka. Zile 16 zinatosha mwaka mzima. Zile hadithi kwamba Johnson aliuza roho kwa shetani njia panda ili ajue gitaa zipuuze, sikiliza anavyopiga besi na solo kwa wakati mmoja.

Na Howlin' Wolf, kabla hujalipa, ulizia CD ya Chess yenye albamu zake mbili za mwanzo pamoja, hiyo ya 1959 na ile ya 1962 yenye picha ya kiti cha kubembea. Utalipia moja, upate zote.