Tupeane uzoefu: ni kazi gani ya nyumbani inayokupendeza kuitazama au kuifanya?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, habari za kutwa. Nyumba ikisifiwa, mara nyingi husifiwa makochi, mapazia na vigae, yaani vitu vilivyonunuliwa, na ni nadra kusifiwa kazi inayoifanya nyumba ikalike. Naomba kila mmoja ataje kazi moja tu ya nyumbani inayompendeza, na aieleze kiasi kwamba hata asiyeijua aweze kuiona. Tafadhali tusigeuze mada kuwa mashindano ya nani ana jiko kubwa.

Mama wa Chumbageni, Tanga
Mimi nasema wali wa nazi, tangu nazi inapovunjwa. Mkunaji hukaa juu ya mbuzi, akaizungusha nazi kwenye meno ya chuma kwa mkono mwepesi, akikoma kabla ya kufikia ile ngozi ya kahawia, kwa sababu ikikunwa nayo tui hupoteza weupe wake. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu, ikafikichwa na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui zito hutengwa kando, na tui jepesi la mkamuo wa pili ndilo linalotangulia jikoni pamoja na mchele na chumvi. Maji yakikaribia kukauka ndipo tui zito linapomiminwa, sufuria ikafunikwa na kupaliwa makaa juu ya mfuniko. Ninachokipenda zaidi ni kule kufunua: mvuke ukishapanda, punje huonekana zimeachana moja moja, na mafuta ya nazi yanang'aa pembeni mwa sufuria. Simlaumu anayetumia tui la pakiti, maana hata mimi hulitumia siku za kazi. Lakini Ijumaa mbuzi hutolewa uvunguni, na binti zangu hugombea kukuna, kwa kuwa kwetu aliyekuna ndiye mwenye ukoko.

Mjukuu wa Kakamega
Asante sana, mama. Kwetu uzuri ulikuwa sakafuni. Desemba ilipokaribia, kabla ndugu walioko Nairobi hawajarudi kwa sikukuu, nyanya alipaka nyumba upya kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo na maji, ili vumbi litulie na nyufa zizibike. Alipaka kwa kiganja huku akirudi nyuma kuelekea mlangoni, asije akakanyaga alipokwisha kupita, na kila mpako uliacha alama ya upinde iliyolalia mwenzake, hadi chumba kizima kikajaa pinde. Majirani walioingia waliitazama sakafu kwanza ndipo wakamjulia hali, na nina hakika hilo ndilo alilokuwa akilisubiri. Nyumba yangu ya sasa ina sakafu ya saruji, nami sitaki kurudi kwenye udongo. Ila sijaona bado mgeni aliyeinamisha kichwa kuitazama.

Mke wa Fundi, Morogoro
Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia, kwa heshima zote. Kazi hizi humpendeza zaidi anayezitazama akiwa amekaa. Kusugua sufuria iliyogandiwa na ugali, usiku, maji ya bomba yakiwa yamekatika, hakuna uzuri ninaouona hapo, wala sitajilazimisha kuuona. Ninayoipenda ni kuandaa mchele kibarazani na mume wangu, mimi nikipepeta kwa ungo, yeye akichambua mawe kwenye sinia. Zamani alifanya kazi hiyo chumbani, mlango ukiwa umefungwa, asije akaonwa na wenzake. Siku hizi hutoka na sinia lake mchana kweupe, na wapo waliokuja kumcheka wakaishia kukaa na kusaidia. Mambo ya ada na ya watoto tunayazungumza hapo, kwani ndio wakati pekee simu zetu zote mbili zinapoachwa ndani.

Mwanzisha mada
Dada wa Morogoro, sikupingi hata kidogo. Ndiyo maana niliomba kazi moja, sikusema zote.

Binti wa Ng'ambo, Muscat
Sisi tuliozaliwa Oman na wazee waliotoka Unguja tumekulia katika harufu ya udi. Mama huupika mwenyewe kwa sukari na marashi, akauacha ukauke, kisha Alhamisi jioni huuweka kwenye kaa dogo ndani ya chetezo na kuzunguka nacho chumba kwa chumba, akifukiza nguo za kuvaa Ijumaa. Kinachonipendeza zaidi, hata hivyo, ni kabati lake la kanga. Huzikunja ili jina, yaani ule msemo ulioandikwa, lionekane kwa juu, asilazimike kuzifunua zote anapotafuta ya kumpelekea mzazi aliyejifungua au mfiwa. Wanangu wamejifunzia kusoma Kiswahili hapo hapo kabatini, wakiuliza maana ya jina moja baada ya jingine, na sasa wameanza kumchagulia bibi yao kanga ya kuvaa kulingana na mgeni anayetarajiwa, jambo ambalo limekwisha kutuletea maneno na jirani mmoja.