Gemu ya Fallujah: vita vya kweli, nyumba za watu

Wakuu, naleta hoja. Je, ni sawa mapigano halisi, ambayo waliofiwa bado wako hai, kugeuzwa gemu? Mfano wangu ni Six Days in Fallujah, kuhusu Novemba 2004, majeshi ya Marekani yalipouvamia mji wa Fallujah, Iraq, na kupigana nyumba kwa nyumba.

Gemu hii ina vituko vyake. Konami ya Japani iliitangaza Aprili 2009, kelele zikawa nyingi, mwezi huohuo ikajitoa. Mwaka 2021 kampuni ya Victura ikaifufua. CAIR, jumuiya ya kutetea Waislamu huko Marekani, ikazitaka Sony, Microsoft na Valve zisiiuze. Wapi! Juni 2023 ikaingia sokoni, tena haijakamilika.

Wanaoitetea wana hoja moja nzito: wazo lilitoka kwa wanajeshi waliorudi kutoka Fallujah, wakitaka yaliyowakuta yasimuliwe. Aliyempoteza mwenzake mlangoni pa nyumba ya watu ana haki ya kusimulia, hilo sibishani nalo. Wale wa "ni gemu tu" sina la kuwajibu.

Kinachonisumbua ni nyumba hizo. Watengenezaji wanajivunia kwamba mpangilio wa majengo hubadilika kila unapoanza upya, ili usikariri adui kajificha wapi. Kwa askari huo ni ukweli mtupu, maana hakujua kilichomsubiri nyuma ya mlango. Lakini mwenye nyumba alijua jiko liko wapi na watoto wanalala chumba kipi. Ndani ya gemu mwenye nyumba huyo hayumo. Waliahidi kwamba utacheza pia kama baba Mwiraki anayeitorosha familia yake. Mauzo yalipoanza, ulichokikuta ni kikosi cha askari wanne wa Marekani.

Msinielewe kwamba gemu haiwezi kubeba msiba. This War of Mine ya Poland, ya mwaka 2014, ilichota kutoka kuzingirwa kwa Sarajevo, mji wa Bosnia, kwenye vita vya miaka ya 1990. Wewe ni raia, usiku unatoka kusaka chakula na dawa. Ukiwaibia wazee wawili waliojifungia kwao, mhusika wako anakosa raha kabisa. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza kwenye orodha ya kazi za kusomwa shuleni. Na mji wenyewe wameupa jina la kubuni.

Sitaki Fallujah ipigwe marufuku. Marufuku ni tangazo la bure. Ila nyie mnaosema vita ni vita, anayetaka acheze, nijibuni: studio ya Ujerumani ikitengeneza gemu ya boma la Wajerumani huko Mahenge, Agosti 1905, wewe uko nyuma ya bombomu unawafyeka wapiganaji wa Maji Maji wanaolishambulia boma, mtainunua? Na watengenezaji wakisema "tuliwahoji wajukuu wao", itatosha?