Naombeni ushauri: kupanda Col du Tourmalet kwa baiskeli

Habari zenu wakuu. Naishi Toulouse, na Julai nataka kupanda Tourmalet, barabara ya mlimani kwenye milima ya Pyrenees, Ufaransa, mita 2,115 juu ya usawa wa bahari. Nitaanzia Sainte-Marie-de-Campan, kilomita 17 hivi hadi kileleni. Ndicho kijiji alichofika Eugène Christophe, mshindani wa mbio za Tour de France, kwa miguu mwaka 1913, uma wa baiskeli yake (unaoshika gurudumu la mbele) umevunjika, akaufua mwenyewe kwenye moto wa mhunzi. Kila nikiikumbuka habari hiyo mwili unanisisimka.

Kupanda nitajikongoja. Kinachonitia hofu ni kushuka. Baiskeli yangu ni ya zamani, breki zinabana rimu. Juzi niliteremka kilima kifupi tu, nikagusa rimu, ikaniunguza kidole, na raba za breki zilikuwa zinanuka moshi. Je, nibadilishe raba, au niazime baiskeli ya breki za diski?

Halafu gia: ile kubwa ya nyuma ina meno 28. Itanifikisha La Mongie, kwenye zile hoteli za watelezaji theluji? Naambiwa kilomita za kabla ya hapo ndizo kali.

Mliowahi kupita huko, naombeni mnielekeze. Na huko juu nibebe koti gani?