Sarafu ya kwanza ya fedha kutoka meli iliyozama: nipime nini kabla ya kulipa?

MtoNile_Jinja
Habari zenu wakuu. Natafuta sarafu yangu ya kwanza ya fedha iliyoopolewa baharini. Kuna muuzaji Kampala mwenye tatu. Ya kwanza ni riali 1 ya Saudia, anasema ni ya SS John Barry, bei 350,000. Ya pili ni reale 8 (sarafu kubwa ya fedha ya Kihispania) ya Mexico ya 1783, anasema ni ya meli ya El Cazador, 650,000. Ya tatu ni reale 8 ya zamani isiyo na duara kamili, anasema ni ya meli ya Atocha, 900,000, nayo ina fotokopi ya cheti. Amekubali nizipime mbele yake. Ninayo mizani inayosoma gramu 0.01, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) na sumaku. Nianze na nini?

PimaKwanza
Kaka, hapo una maswali mawili, usiyachanganye. Je, ni fedha kweli? Hilo mizani italijibu. Je, ilitoka kwenye meli hiyo? Hapo mizani haina la kusema, ni kazi ya karatasi.

Mfano mzuri ni hiyo riali. John Barry ilipigwa torpedo na nyambizi ya Kijerumani Agosti 1944 nje ya pwani ya Oman, ikiwa imebeba riali milioni 3 zilizopigwa chapa Philadelphia. Mwaka 1994 ziliopolewa zaidi ya milioni 1. Lakini riali za aina hiyo zilitumika sana Uarabuni na nyingi hazijawahi kugusa maji ya chumvi. Sarafu tupu bila cheti asili wala kasha la plastiki lililofungwa na wakadiriaji wa sarafu ni riali ya kawaida, basi. Ilipie bei ya riali ya kawaida.

Atocha ilizama 1622, Florida. Cheti chake cha kweli kina namba, uzito na picha ya sarafu yenyewe. Sarafu za wakati ule zilikatwa kwa mkono kutoka kwenye vipande vya fedha, kwa hiyo hakuna mbili zenye ukingo sawa. Weka picha ya cheti kando ya sarafu, uufuate ukingo pembe kwa pembe kama mpaka kwenye ramani. Fotokopi ni ya kuiogopa, maana cheti kimoja kinaweza kuuzia sarafu kumi. Na Atocha yenye cheti kamili kwa 900,000? Bei hiyo ni ya chini mno. Mimi nisingeigusa.

Sonara_Mbarara
Kuhusu kupima. Anza na uzito mkavu na kipenyo. Riali: gramu 11.6, milimita 30. Reale 8 ya 1783: kiwango cha kiwanda cha sarafu cha Mexico kilikuwa gramu 27.07, kipenyo kati ya 38 na 40. Sarafu iliyokaa baharini hupungua kwa sababu chumvi na salfa hula fedha yenyewe, kwa hiyo gramu 24 au 25 si ajabu. Iliyozidi uzito bila kuwa na ukoko (chokaa ya bahari iliyoganda juu yake) ndiyo ya kuitilia shaka.

Kisha kipimo cha maji, ambacho kwangu ndicho chenye thamani kuliko vyote:

1. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Maji ya bomba moja kwa moja yana hewa, nayo hewa hujikusanya kwenye vishimo vya sarafu.
2. Tia tone moja la sabuni ya vyombo. Weka glasi juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri.
3. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, iteremshe hadi izame yote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Itikise kidogo mapovu yatoke.
4. Namba inayoonekana ndiyo ujazo wake kwa mililita. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo: jibu ni gramu kwa kila mililita.

Riali ni fedha asilimia 91.7, kwa hiyo tegemea kama 10.3: mizani isome 1.12 hivi. Reale 8 yenye uzito kamili isome 2.62. Ya bandia ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itasoma kama 3.04. Tofauti hiyo haijifichi.

Makosa ya kawaida ni mawili. Mapovu huongeza ujazo, kwa hiyo fedha nzuri inaonekana mbovu. Rudia mara tatu uchukue ujazo mdogo. Na ukoko wa chokaa ni mwepesi kuliko fedha, unashusha jibu. Sarafu yenye ukoko ikisoma 9.6 usiihukumu. Iliyo safi ikisoma 8.9, imeshajihukumu.

PimaKwanza
Naongeza sumaku. Kutonasa si ushahidi, kwani shaba na nikeli zikichanganywa kwa sarafu hazinasi. Inamisha sarafu nyuzi 45 uteleze kisumaku kidogo chenye nguvu juu yake: kwenye fedha kinashuka polepole, kama kinapita kwenye asali. Na ikinasa kidogo penye ukoko, usiruke kuiita feki. Ukoko wa baharini mara nyingi una kutu ya misumari na mizinga ya meli.

Mashine ya eksirei ya wanunuzi wa dhahabu Kampala inasaidia, ila inasoma ngozi ya juu tu. Bahari huitoa shaba kwenye ngozi hiyo, kwa hiyo sarafu halisi inaweza kusoma fedha zaidi ya kiwango chake, na iliyopakwa fedha itapita vilevile. Usiiache ishinde kipimo cha maji.

Pia soma tarehe. El Cazador ilitoka Veracruz Januari 1784 ikazama katika safari hiyo, kwa hiyo yenye 1786 haiwezi kuwa yake. Na picha ya mfalme kwenye sarafu za fedha za Mexico ilianza 1772. Ya 1768 yenye kichwa cha Carlos III ni uongo mtupu.

MtoNile_Jinja
Na ukoko wa kubandikwa unajulikanaje? Halafu nikinunua, naruhusiwa kuing'arisha?

Sonara_Mbarara
Pamba yenye asetoni safi, ile ya saluni isiyo na mafuta wala rangi. Gundi italainika na mchanga utadondoka. Ukoko wa bahari hautikisiki. Siki usiitumie. Itatoa povu kwenye chokaa ya bahari na kwenye saruji vilevile, kwa hiyo haikuambii kitu.

Kung'arisha hapana. Ndimu, majivu, dawa ya meno, vyote hapana. Kwenye sarafu hizi sehemu ya herufi imebaki ndani ya ule weusi wenyewe. Ukiusugua unabaki na bamba jeupe lenye vishimo. Ihifadhi kwenye kasha gumu la plastiki pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu, hasa ninyi wa kando ya ziwa. Rababendi na vifuko laini vya plastiki weka mbali. Ukiona unga wa kijani, loweka kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), uyabadilishe kila siku chache, kisha ikauke kabisa.

MtoNile_Jinja
Nimepima mara tatu kila moja. Riali: gramu 11.58, maji 1.12. El Cazador: gramu 26.31, maji 2.97, haina ukoko wowote. Riali imo ndani ya kasha lililofunguliwa, bila cheti.

PimaKwanza
Riali ni 10.3, fedha. Kasha lililofunguliwa halithibitishi meli, kwa hiyo mshushe hadi bei ya riali ya kawaida, au aitafute karatasi. Hiyo nyingine ni 8.86 na haina ukoko wa kusingizia. Mrudishie.