Naomba ushauri: fedha za chakula na usafi hazifiki mwisho wa mwezi, nianze kubana wapi?

Mtoa mada

Wadau, salaam. Nyumbani kwetu tuko watu wazima wawili na watoto watatu, na fedha tunazotenga kwa ajili ya chakula na vifaa vya usafi hukatika kabla ya mwezi kwisha, ingawa kipato hakijapungua na hatuna mazoea ya anasa. Tumeifuata ile njia inayosifiwa na wengi, yaani kununua kila kitu kwa jumla mshahara unapoingia, lakini matokeo yake yamekuwa kinyume na tulivyotarajia. Wiki ya kwanza jokofu hujaa hadi mlango unafungwa kwa kusukumwa, wiki ya pili mboga za majani huanza kuteleza ndani ya mifuko, na ifikapo wiki ya tatu tunanunua upya vitu vilevile kwa rejareja.

Upande wa usafi nao, chini ya sinki kuna chupa ya vioo, ya sakafu, ya vigae, ya choo, ya mafuta ya jikoni, na nyingine ambazo hakuna anayekumbuka zilinunuliwa kwa kazi gani. Ninaomba kujua mambo mawili: je, kununua kwa jumla kunaokoa fedha kweli, na je, ni kweli kwamba siki na soda ya kuokea vinaweza kuchukua nafasi ya chupa hizo zote? Natanguliza shukrani.

Mhasibu wa Nyumbani

Ndugu mtoa mada, kabla ya kuuliza ununue vipi, jiulize kwanza unatupa nini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 hivi ya kiasi hicho ilitoka majumbani, wala si mahotelini au madukani kama wengi tunavyodhani. Bandika karatasi kwenye mlango wa jokofu, na kila kinachotupwa kiandikwe pamoja na sababu yake: kimeoza, kilipikwa kingi, watoto hawakukipenda, kilisahaulika nyuma. Mwezi mmoja wa kumbukumbu hizo utakueleza mengi kuliko ushauri wetu wote hapa.

Kuhusu jumla, jibu linategemea kitu chenyewe. Mchele, maharage makavu, chumvi, sukari, sabuni ya kufulia na karatasi za chooni havina haraka, na hapo jumla hulipa. Mboga za majani, matunda laini, maziwa na mkate vina siku zake, na punguzo lolote ulilopewa hufutika pale nusu ya mzigo inapoishia kwenye pipa la taka. Kwa hiyo gawa bajeti mafungu mawili: moja la vitu vikavu linalotumika mara moja kwa mwezi, na jingine la vitu vibichi unalolikata kwa wiki na kulishika kwa nidhamu.

Jambo jingine ni kwamba pakiti kubwa si lazima iwe rahisi. Gawanya bei kwa kilo au kwa lita, kisha linganisha. Simu yako ina kikokotoo. Wakati mwingine utakuta pakiti mbili ndogo zenye ofa zinaishinda kubwa, na utakuta pia bidhaa ambayo bei yake haijabadilika ilhali uzito ulioandikwa kwenye pakiti umepunguzwa kimyakimya. Wenye biashara wanajua kwamba macho yetu hukimbilia bei na kuupita uzito.

Jikoni Daima

Mhasibu amesema kweli, lakini naona tatizo la mtoa mada linaanzia kwenye uhifadhi, kwa sababu mboga zinazoteleza wiki ya pili zinaonyesha zilivyowekwa. Unyevu ndio unaoozesha majani. Usiyaoshe yanapofika nyumbani isipokuwa una njia ya kuyakausha kabisa. Chagua yaliyoumia na uyaondoe, funga yaliyobaki kwa kitambaa kikavu cha pamba au karatasi ya jikoni, kisha yaweke ndani ya mfuko usiobanwa sana. Kitambaa kikilowa, kibadilishe. Giligilani na mimea mingine yenye shina laini isimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo, kama maua ya mezani, na itadumu muda mrefu kuliko ikilazwa ndani ya mfuko.

Vitunguu na viazi visikae pamoja, kwani vikiwa kapu moja huharibiana upesi. Viazi vinahitaji giza na hewa. Vikipigwa na mwanga hugeuka kijani, na sehemu hiyo ya kijani pamoja na machipukizi yake huwa na sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kupika. Ndizi mbivu, tufaha na parachichi hutoa gesi ya ethilini inayoivisha matunda na mboga za jirani, kwa hiyo zitenge, isipokuwa pale unapotaka kuharakisha parachichi gumu liive. Nyanya ambazo hazijaiva vizuri zikae nje ya jokofu.

Ukinunua mchele au unga kwa gunia, tatizo lako litakuwa fukusi. Kama una friza, gawa mzigo kwenye mifuko midogo na kila mfuko ukae humo siku nne katika nyuzi 18 chini ya sifuri, ili wadudu na mayai yao vife, kisha hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Acha mfuko urudi kwenye joto la kawaida ukiwa bado umefungwa, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya nafaka na utakuwa umeondoa fukusi ukakaribisha ukungu.

Nimalizie na viporo, kwa kuwa hapa watu huokoa fedha wakapoteza afya. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Mgawanye wali kwenye vyombo bapa upoe haraka, uweke kwenye jokofu, na uliwe siku inayofuata baada ya kupashwa moto hadi utoe mvuke kote, mara moja tu. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kupikwa, na wali unapokaa na joto la vuguvugu kwa saa nyingi huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Mchuzi na vyakula vingine hukaa siku tatu hadi nne kwenye jokofu lenye nyuzi 4 au pungufu. Na hilo jokofu ambalo mlango wake unasukumwa, nina shaka kama linafikia nyuzi hizo, kwa sababu hewa ya baridi inahitaji nafasi ya kuzunguka.

Mpenda Usafi

Kwa upande wa usafi, mimi sinunui dawa maalumu ya choo. Ninachanganya siki na ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, namwaga, nasugua, na choo kinang'aa kwa gharama ndogo sana. Soda ya kuokea ikiongezwa inatoa povu zuri. Jaribu, mtoa mada.

Mwalimu wa Kemia

Mpenda Usafi, ninakusihi uache mchanganyiko huo leo hii, na mtoa mada usiujaribu hata mara moja. Siki ni asidi, na asidi ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu, hasa katika chumba kidogo kisicho na dirisha kubwa kama vyoo vingi vilivyo. Hatari ya namna hiyohiyo hutokea dawa ya klorini inapochanganywa na kitu chenye amonia, na baadhi ya dawa za vioo zinayo; chupa hizo mbili, kwa maelezo ya mtoa mada, huenda zimesimama bega kwa bega chini ya sinki lake. Ikitokea umechanganya na ukasikia harufu kali ikikuchoma, toka nje mara moja ukapate hewa safi. Usirudi kumalizia kazi, na kama kupumua ni kwa shida, nenda hospitali.

Sasa kuhusu swali lenyewe. Siki na soda ya kuokea zina kazi zake, lakini zikitumika kila moja peke yake. Zikichanganywa hubatilishana: povu mnalolifurahia ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka, na kinachobaki kwenye ndoo ni maji yenye chumvi kidogo yasiyo na nguvu ya asidi wala ya soda. Siki inafaa pale penye magamba meupe ya chokaa, kama ndani ya birika na kwenye tundu za bomba la kuogea. Jaza birika siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, iache ikae, mwaga na usuuze vizuri, na utaona magamba yakibanduka yenyewe. Siki kidogo ndani ya maji pia husafisha vioo vizuri ukifutia kitambaa kikavu. Usiimwage kwenye sakafu ya mawe ya chokaa wala ya saruji, kwa kuwa inakula madini yaleyale unayoyaona kwenye birika. Soda ya kuokea hufaa kusugulia sufuria iliyoungua na kupunguza harufu ya jokofu, ila sufuria ya alumini huifanya iwe nyeusi.

Kazi iliyobaki, yaani sakafu, vigae, meza na mafuta ya jiko, hufanywa na sabuni ya kawaida ya maji ndani ya maji ya vuguvugu. Sabuni hushika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili, na hicho ndicho chupa nyingi za rangi mbalimbali zinachofanya, zikiwa zimeongezwa manukato. Ukiwa na sabuni ya maji, siki, soda ya kuokea, dawa ya klorini na matambara yaliyokatwa kutoka fulana kuukuu, unaweza kumaliza zilizopo na usinunue nyingine.

Mlezi wa Watatu

Naongeza la sabuni ya unga, kwa sababu wenye watoto tunafua kila siku. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kifuatwe, tena kwa kijiko, si kwa kumimina kwa jicho. Sabuni ikizidi hubaki kwenye nguo, nguo hukakamaa na kuhitaji maji mengi ya kusuuza, kwa hiyo unalipa mara mbili.

Mtoa mada

Nawashukuru sana. Karatasi imekwisha kubandikwa, na dawa ya vioo nimeihamishia kabati jingine. Nimebaki na mambo mawili: maharage makavu ni nafuu dukani, lakini gesi inayoyapika inakula unafuu huo; na je, dawa ya klorini ipimwe kiasi gani?

Jikoni Daima

Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya na ufunike sufuria. Mchemko ukishika, punguza moto, kwa kuwa maji yanayotokota kwa fujo hayazidi joto la yale yanayochemka taratibu, ila gesi ndiyo inayozidi kuungua. Sufuria ya presha hupunguza muda zaidi, kwani ndani yake joto hufika nyuzi 120 hivi. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwani yakipikwa kwa joto dogo tu huumiza tumbo vibaya. Pika ya siku kadhaa kwa pamoja, kisha gandisha mafungu ya mlo mmoja mmoja. Gesi ya mara moja itakuhudumia wiki nzima.

Mwalimu wa Kemia

Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9, ambayo ndiyo ya kawaida ya nyumbani, vijiko vinne vya chai katika lita moja ya maji ya baridi vinatosha kuua vijidudu kwenye sehemu ngumu. Osha kwanza kwa sabuni na usuuze, kwa sababu uchafu huimaliza klorini kabla haijafikia vijidudu. Paka, acha pabaki pamelowa kwa dakika moja au zaidi, kisha suuza. Vaa glavu, fungua dirisha, na changanya kiasi cha siku hiyo tu, maana baada ya saa 24 nguvu yake hupungua na utakuwa unadeki kwa maji yenye harufu.